Shaba ya Kilembe na Kura za Wenye Hisa



Barabara itokayo mjini Kasese kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe inajulikana vema na maofisa na askari wa jeshi na polisi waliowahi kutumwa magharibi ya Uganda. Upande wa kulia inasimama milima ya Rwenzori, na juu kidogo ya mji, katika bonde la mto Nyamwamba, upo mgodi wa shaba wa Kilembe. Kwa muda mrefu askari walilinda mali iliyotoka huko: reli, madaraja, nyaya za umeme na maghala. Wengi wao walijua idadi ya mabehewa yaliyopita. Ni wachache waliojua ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuamuru mabehewa hayo yaende au yasimame.

Uwezo huo haukuwa kwa mchimbaji aliyeshika sururu, wala kwa mkulima wa Bwera aliyeuona moshi wa gari-moshi kwa mbali, wala kwa askari aliyekuwa lindoni. Ulikuwa katika vyumba vya mikutano vilivyo mbali, ambako watu walipiga kura kwa kuhesabu hisa. Historia ya Kilembe, kwa hiyo, ni historia ya kura. Yafaa ielezwe upya, maana askari wa leo naye ni mwenye mali katika vyama vya fedha, na yaliyoupata mgodi yanaweza kuipata akiba yake.

Kwanza ni lazima kueleza jinsi kampuni inavyotawaliwa. Kampuni ni mali iliyogawanywa vipande vinavyoitwa hisa. Kwa kawaida mwenye hisa moja ana kura moja, na mwenye hisa elfu ana kura elfu. Kila mwaka wenye hisa huitwa katika mkutano mkuu, nao huchagua Halmashauri ya Wakurugenzi. Halmashauri humteua meneja mkuu, na meneja huwaongoza wafanyakazi wote. Amri hushuka ngazi kwa ngazi kama jeshini, lakini iko tofauti moja kubwa. Jeshini wapiganaji hawamchagui kamanda wao, wala kamanda hanunuliwi. Katika kampuni mkubwa huchaguliwa, lakini wanaomchagua si wale anaowaongoza. Wanaomchagua ni wenye hisa, na mwenye fedha nyingi hununua kura nyingi.

Katika hesabu hiyo zimo tarakimu mbili za kukumbukwa. Mambo ya kawaida huamuliwa kwa zaidi ya nusu ya kura. Mambo makubwa, kama vile kubadili katiba ya kampuni, hudai robo tatu ya kura. Basi mwenye asilimia 51 huendesha shughuli za kila siku, lakini mwenye zaidi ya asilimia 25 anaweza kuuzuia mlango mkubwa usifunguliwe. Mwenye asilimia 49, pamoja na wingi wa mali yake, anaweza kushindwa kila siku iwapo hisa zilizobaki zimo mikononi mwa mtu mmoja. Tofauti ya hisa chache ndiyo tofauti kati ya kutoa amri na kupokea habari.

Habari za shaba katika milima ya Rwenzori zilijulikana kwa wageni tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi kubwa ilichelewa kwa sababu shaba ni mzigo mzito na bahari iko mbali. Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka 1950. Bwawa la umeme la Owen Falls, huko Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na hapo Jinja kikajengwa kiwanda cha kuyeyusha shaba. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ikafika Kasese, na uchimbaji ukaanza kwa nguvu. Mchanga wa madini ulipakiwa Kasese, ukayeyushwa Jinja, na shaba ikaendelea kwa reli hadi bandari ya Mombasa. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa ya tatu miongoni mwa bidhaa ambazo Uganda iliuza nchi za nje, ikitanguliwa na kahawa na pamba. Mji wa Kasese, uliokuwa kituo kidogo katika uwanda wenye joto, ukakua kwa sababu ya reli hiyo na mgodi huo.

Je, mali hiyo ilikuwa ya nani? Jibu lina ngazi nyingi. Shirika la Maendeleo la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1952, lilikuwa na hisa, na shirika la Uingereza la kuendeleza makoloni nalo lilikuwa na hisa. Lakini fungu kubwa lilishikwa na kampuni ya Kanada iliyoitwa Kilembe Copper Cobalt. Nyuma yake ilikuwapo Frobisher, na nyuma ya Frobisher ilikuwapo Ventures, kampuni kubwa ya mjini Toronto. Mwaka 1962, mwaka ule ule ambao Uganda ilipata uhuru, Ventures iliunganishwa na kampuni ya Falconbridge Nickel Mines. Mwaka 1967 kampuni nyingine ya Kanada, McIntyre Porcupine Mines, ilinunua fungu la hisa za Falconbridge lililotosha kuitawala. Na McIntyre yenyewe ilikuwa chini ya kampuni ya mafuta ya Marekani, Superior Oil.

Mchimbaji aliyeingia shimoni Kilembe asubuhi ya siku hizo hakuona badiliko lolote. Taa ilikuwa ile ile, msimamizi alikuwa yule yule, na mshahara ulilipwa siku ile ile. Hata hivyo bwana wa mwisho alikuwa amebadilika mara mbili katika miaka mitano, bila ya mtu yeyote wa Kasese wala wa Kampala kuulizwa.

Ngazi hizo zina faida kwa anayekaa juu, na faida hiyo inaonekana kwa hesabu ndogo. Tuseme kampuni ina mtaji wa shilingi 1,000,000. Kampuni ya pili inashika asilimia 51, yaani shilingi 510,000, nayo inatawala. Kampuni ya tatu inashika asilimia 51 ya ile ya pili, yaani shilingi 260,100. Kampuni ya nne inashika asilimia 51 ya ile ya tatu, yaani shilingi 132,651. Huyo wa juu kabisa ameweka chini ya shilingi 14 katika kila shilingi 100, lakini kura yake inashuka ngazi zote na kuamua kila kitu hadi chini. Hakuna wizi katika jambo hilo, wala sheria haikuvunjwa. Ndivyo mfumo wa hisa ulivyojengwa, na asiyeujua hudhani kwamba anayetawala ni lazima awe mwenye mali yote.

Wakati bwana wa mgodi alipokuwa akibadilika huko ng'ambo, watu wa milimani walikuwa na kisa chao cha kura. Bakonzo na Baamba walikuwa chini ya utawala wa Ufalme wa Toro, na wajumbe wao walikaa katika baraza la ufalme lililoitwa Rukurato. Walikuwa wachache, na kila walipodai wilaya yao wenyewe, wengi waliwashinda. Mwaka 1962 wajumbe hao walitoka nje ya baraza, na Isaya Mukirane akawa miongoni mwa viongozi wao. Kutoka hapo likazaliwa vuguvugu la Rwenzururu, na vita vya milimani vikaendelea kwa miaka 20 hadi mapatano ya mwaka 1982. Wilaya yao ilikuwa imekwisha kutengwa na Toro mwaka 1974.

Kisa hicho ni cha siasa, si cha biashara, lakini wenye kulinda amani hawana budi kukizingatia. Mtu ambaye kura yake haiwezi kushinda kamwe, na ambaye hoja yake haisikilizwi, mwishowe hutoka nje ya chumba. Akiwa mwenye hisa, huuza hisa zake na kwenda zake. Akiwa mwananchi, hana pa kuuza nchi yake. Hapo ndipo jambo lililoweza kumalizwa mezani linapofika kwa askari, nao hulilipia kwa damu, yao na ya wananchi.

Sasa turudi kwenye mgodi. Tarehe 1 Mei 1970, siku ya wafanyakazi, Rais Milton Obote alisimama katika uwanja wa Nakivubo mjini Kampala, akatangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa katika kampuni kubwa zaidi ya 80. Malipo yangetoka katika faida ya kampuni hizo hizo, kwa muda wa miaka kadhaa. Kilembe Mines ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizolengwa. Tarakimu hiyo ya 60 haikuchaguliwa ovyo. Asilimia 60 inatosha kuchagua wakurugenzi na kumteua meneja. Lakini haifiki robo tatu, na mgeni aliyebaki na asilimia 40 alikuwa bado na sauti ya kuzuia mambo makubwa. Serikali ilitaka kushika usukani bila ya kumfukuza fundi mwenye kuijua mashine.

Mpango huo haukupewa muda wa kujaribiwa. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka. Mwezi Mei mwaka ule ule serikali yake ilipunguza idadi ya kampuni zilizohusika, na kwa zilizobaki ikasema itashika asilimia 49. Kwa msikilizaji wa mbali, kutoka 60 kwenda 49 ni kupungua kwa 11 tu. Kwa mwenye kuijua hesabu ya kura, hiyo ilikuwa sawa na kushuka katika kiti cha dereva na kukaa kiti cha abiria. Wenye kampuni wa kigeni walifurahi, lakini furaha yao haikudumu. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, biashara ikavurugika, na amri zikawa zinatolewa bila ya kupita katika mkutano wowote wa wenye hisa.

Katikati ya miaka ya 1970 Falconbridge iliondoka, na mgodi ukawa mikononi mwa serikali. Sasa hakukuwa na ngazi za Toronto, wala mgeni wa kuzuia kwa asilimia 40, wala mashindano ya wakurugenzi. Kwa karatasi, kura zote zilikuwa za Uganda. Ingetazamiwa kwamba huo ndio uwe mwanzo wa neema. Haikuwa hivyo. Vipuri vilikosekana, fedha za kigeni zilikosekana, mafundi waliondoka, na bei ya shaba katika soko la dunia ilianguka mnamo mwaka 1975. Vita vya mwaka 1979 vikaongeza uharibifu. Kufikia mwaka 1982 uchimbaji ulikuwa umekoma. Tangu mwaka 1956 mgodi huo ulikuwa umetoa mawe ya madini yapatayo tani milioni 16.

Haitakuwa haki kumtupia mtu mmoja lawama zote. Bei ya dunia haikupangwa Kasese. Hata hivyo liko funzo lisiloepukika. Kushika hisa zote si sawa na kusimamia mali. Mgeni alipokuwapo, kulikuwa na mtu mwenye kudai hesabu kila mwaka, hata kama alizidai kwa faida yake mwenyewe. Alipoondoka, kiti cha mwenye kuuliza kilibaki kitupu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lipo ili lisomwe mbele ya mtu mwenye haki ya kuuliza na ujasiri wa kuuliza. Katika Uganda ya wakati huo, kuuliza kulikuwa na hatari yake.

Baada ya mgodi kunyamaza, kampuni ya Kilembe Mines haikufa. Iliendelea kuwa na nyumba, karakana, na mtambo wa umeme wa megawati 5 juu ya mto Mubuku. Hapo Kasese lilibaki pia lundo la mabaki ya madini, karibu tani milioni 1, lenye kobalti ndani yake. Kila mvua iliponyesha, maji makali yalitoka katika lundo hilo na kuunguza majani hadi katika hifadhi ya Malkia Elizabeth. Mwaka 1992 iliundwa kampuni ya Kasese Cobalt ili kuutoa utajiri huo. Kampuni ya Kanada iitwayo Banff Resources ilishika asilimia 75, na Kilembe Mines ikashika asilimia 25. Kobalti ilianza kutoka mwaka 1999, kwa njia ya kuwatumia vijidudu wasioonekana kwa macho kuyayeyusha madini. Baada ya miaka ipatayo 15 lundo lilikwisha na kiwanda kikafungwa.

Mgawanyo wa 75 kwa 25 haukosi maana. Kwa kawaida ya sheria za kampuni, mwenye robo tatu kamili hupitisha hata yale mambo makubwa, na mwenye robo kamili hana uwezo wa kuyazuia, isipokuwa awe ameweka masharti yake katika mkataba tangu mwanzo. Hisa moja tu juu ya robo ingebadili hesabu. Ndiyo sababu mzee mwenye busara husoma karatasi kabla ya kutia sahihi, wala hangoji baadaye.

Mwezi Septemba mwaka 2013 mgodi wenyewe ulikabidhiwa kampuni ya Tibet Hima kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka huo huo, mwezi Mei, mto Nyamwamba ulikuwa umefurika na kuleta maafa Kilembe, kama ulivyofurika tena mwezi Mei mwaka 2020 na kuiharibu hospitali. Mwaka 2017 serikali ilivunja mkataba ule kwa kuwa masharti hayakutimizwa. Miaka minne ilikuwa imepita, na shaba ilikuwa bado ardhini.

Swali linalojitokeza ni hili: je, mwenye hisa chache ni bubu daima? Dunia imetoa majibu mawili, na yote mawili yalitoka katika kampuni moja ambayo hata watoto wanaijua kwa michoro yake ya panya na bata, yaani kampuni ya burudani ya Walt Disney huko Marekani.

Mwishoni mwa mwaka 2003 Roy Disney, mtoto wa ndugu wa mwanzilishi, alijiuzulu katika Halmashauri ya Wakurugenzi pamoja na mwenzake Stanley Gold. Walisema kwamba Michael Eisner, ambaye alikuwa mwenyekiti na pia mkurugenzi mkuu, ameshika madaraka mengi mno na ameiongoza kampuni vibaya. Roy Disney, licha ya jina lake, alikuwa na hisa zipatazo asilimia 1 tu. Kwa hesabu ya kura alikuwa si kitu. Lakini alikwenda kwa wenye hisa wengine, akawaeleza, akawaandikia, na akawaomba waache kumpigia Eisner kura. Miongoni mwa waliokubali ulikuwamo mfuko mkubwa wa pensheni wa watumishi wa umma wa California, ambao una askari wa polisi katika wanachama wake. Tarehe 3 Machi 2004, katika mkutano mkuu uliofanyika Philadelphia, asilimia 43 ya kura zilizohesabiwa siku ile zilimnyima Eisner imani. Hakuwa na mpinzani katika karatasi ya kura, wala hakushindwa kwa hesabu. Lakini jioni ile ile wakurugenzi walimvua uenyekiti na kumpa George Mitchell. Mwaka uliofuata Eisner aliacha na ukurugenzi mkuu.

Miaka 20 baadaye mambo yalikuwa kinyume. Tajiri Nelson Peltz, kwa jina la kampuni yake ya Trian, alitaka viti viwili katika Halmashauri ya Disney, kimoja chake na kimoja cha mwenzake. Wakurugenzi walikataa, na pande zote mbili zikatumia mamilioni ya dola kuwashawishi wenye hisa. Disney peke yake ilitangaza kwamba ingetumia kiasi cha dola milioni 40. Tarehe 3 Aprili 2024 kura zilihesabiwa. Peltz alishindwa, na wakurugenzi wote waliokuwa wamependekezwa na kampuni, pamoja na mkurugenzi mkuu Bob Iger, walichaguliwa. Wenye hisa wengi wadogo walikuwa upande wa wakurugenzi.

Katika visa hivyo viwili hakuna haja ya kuuliza nani alikuwa mwema na nani mbaya. Yatosha kuona jinsi jambo lilivyokwenda. Mwaka 2004 mwenye asilimia 1 alimng'oa mwenyekiti kwa sababu aliwaamsha wenzake waliokuwa wamelala. Mwaka 2024 tajiri mwenye nguvu alizuiwa kwa sababu wenye hisa wadogo walijitokeza. Mara zote mbili aliyeamua ni yule mtu mdogo aliyekuwapo na aliyepiga kura. Wahenga walikwisha kusema: asiyekuwepo na lake halipo.

Na hapa ndipo Bwera inapoingia. Katika uwanda wa chini wananchi wa Kasese walilima pamba kwa miaka mingi, na chama kikuu cha ushirika cha Nyakatonzi, kilichoanza miaka ya 1950, kilikuwa na kiwanda cha kuchambulia pamba. Katika miteremko ya Bukonzo, juu ya Bwera na Kyarumba, wakulima walipanda kahawa ya arabika wakajenga vyama vyao vya kuuza kahawa na vya kuweka na kukopa. Vyama hivyo vina sheria ambayo haikuwapo kamwe katika mgodi ulio bonde la pili. Katika ushirika, kila mwanachama ana kura moja, hata akiwa na hisa mia. Mjane mwenye miche michache ya kahawa na tajiri mwenye shamba kubwa hunyanyua mkono mmoja mmoja. Hakuna ngazi za Toronto wala za Marekani. Mwenyekiti akiharibu, watakaomwondoa ni majirani zake wanaomjua.

Hata hivyo kura ya mtu mmoja mmoja haijilindi yenyewe. Katika miaka ya 1990, baada ya biashara ya kahawa na pamba kufunguliwa kwa wafanyabiashara wote, vyama vikuu vingi vya ushirika nchini Uganda vilianguka. Vingine vilielemewa na madeni, vingine vilishindwa na wanunuzi wenye fedha taslimu. Lakini katika vyama vya namna hiyo, popote duniani, huonekana dalili moja kabla ya anguko. Mkutano mkuu huitwa na wanachama hawaendi. Hesabu husomwa haraka haraka na hakuna anayeuliza. Viongozi wale wale huchaguliwa kwa makofi. Ndipo ushirika wenye maelfu ya wanachama unapogeuka kuwa mali ya watu watano bila ya yeyote kununua hisa hata moja.

Jambo hili linawahusu maofisa na askari moja kwa moja. Wapiganaji wa jeshi la UPDF wana chama chao cha kuweka na kukopa, Wazalendo, kilichoanzishwa mwaka 2005. Polisi nao wana chao, Exodus. Makato ya kila mwezi kutoka mishahara ya maelfu ya watu huingia humo. Fedha hizo ni mabati ya nyumba Bwera, ada ya shule Kasese, na uzee wa mtu ambaye ujana wake ameutumia mahandakini na barabarani. Ni mali kubwa, na kwa sheria ya ushirika kila mwanachama ni mwenye mali sawa na mwenzake katika kura.

Hapo askari hukutana na jambo ambalo mafunzo yake hayakumzoesha. Lindoni hutii amri bila ya kuuliza kwa nini, na bila ya utii huo jeshi si jeshi. Lakini katika mkutano wa ushirika, kuuliza ndio wajibu wenyewe. Praiveti ana kura moja, na meja jenerali ana kura moja. Konstebo anapomchagua mjumbe wa kikosi chake kwenda kwenye mkutano mkuu, hamchagui kwa sababu ya nyota za begani, bali kwa sababu ya uwezo wa kusoma hesabu na ujasiri wa kuuliza. Kufanya hivyo si utovu wa nidhamu. Ofisa mwenye busara hufurahi kuulizwa mkutanini, kwa kuwa akiba yake na ya askari wake zimo katika sanduku moja.

Maswali yenyewe si magumu. Mwaka huu tumekopesha kiasi gani, na kiasi gani hakikurudi? Ni nani amekopa zaidi kuliko wote? Mali ya chama imeandikwa kwa jina la nani? Mkaguzi wa hesabu alisema nini, na je, ripoti yake imesomwa yote au nusu? Mkataba huu unatiwa sahihi kwa miaka mingapi, na masharti ya kuuvunja ni yapi? Laiti maswali ya namna hii yangeulizwa kwa sauti kuhusu Kilembe, mwaka baada ya mwaka, na watu wenye haki ya kujibiwa.

Shaba ya Rwenzori haiozi, na iliyobaki ardhini inamsubiri mwenye kuichimba kwa haki. Akiba ya askari si kama shaba. Ikipotea hakuna mlima wa kuichimba tena. Kwa hiyo siku ya mkutano ikitangazwa vikosini, kutoka Mpondwe hadi Kampala, tangazo hilo lisichukuliwe kuwa la wajumbe peke yao. Mwanachama amtume mjumbe wake akiwa na maswali mkononi, na mjumbe akirudi, adaiwe majibu mbele ya kikosi kizima.